Kokwa za Bi Suno

Harufu haijatoka. Nilistaafu kabla ya mvua za vuli, nimeoga kwa kila sabuni iliyo dukani, na bado mke wangu akipita nyuma ya kiti changu husema, "Kazungu, umeniletea wale wadudu wako tena." Sijamletea kitu. Ni mikono tu. Mikono iliyoshinda ndani ya maji ya vifukofuko miaka yote ile haiwezi kunukia asumini kwa sababu tu mwenyewe amepewa saa ya ukutani na kuagwa kwa soda.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye mabeseni. Juzi nilipita kuwasabahi, na mmoja wenu, sitamtaja, akaniuliza kwa nini kokwa za beseni la kwanza hutengwa badala ya kumwagiwa kuku pamoja na zile nyingine. Nikamtazama nikidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Hapo nikajua kwamba nisipoandika, habari za Bi Suno zitapotea pamoja nasi, nasi tumeanza kupungua. Ya vyeo na mishahara hayatawafaa kitu. Nilipandishwa mara moja tu, na ni kwa kuwa aliyekuwa juu yangu alioa Mombasa akahamia huko.

Nilitoka Junju, kwenye mihogo na mikorosho ya baba, nikaja Malindi baada ya kusikia kuna tajiri anafungua nyumba ya hariri nje kidogo ya mji, upande wa bara. Hariri nilikuwa nikiijua ya kuvaliwa na bibi harusi. Kwamba hutoka kwa kiwavi anayekula majani ya mforsadi, kisha akajifungia ndani ya kifukofuko cheupe akidhani atatoka na mabawa, hilo niliambiwa na mlinzi mlangoni, nikadhani ananifanyia mzaha. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani la korosho. Ndani mabeseni ya maji moto yamepangwa, kila beseni na gurudumu lake la mbao la kuvutia uzi, na mvuke umejaa hadi kwenye mabati. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi. Wenzangu wote walikuwa pekupeku, na kufika adhuhuri nikaelewa kwa nini.

Aliyetufundisha kazi alikuwa mwanamke mfupi, nywele amezifunga kwa leso, mikono myekundu kama ya mtu aliyetoka kuchuna samaki siku nzima. Alikuwa Mkorea. Jina lake lilikuwa refu zaidi, nasi tukalikata likawa Suno, na yeye akalikubali. Sisi Korea tulikuwa tukiijua kwa televisheni na friji. Nikamwamkia shikamoo, ingawa kwa umri tulikuwa hatupishani sana, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu. Yeye akainama hadi mgongo ukalala. Nikaona ni adabu nami niiname. Kuniona nimeinama, akainama tena zaidi. Sijui tungeishia wapi kama Bi Rukia, aliyekaa beseni la pili, hangesema, "Muacheni mwalimu ainuke jamani, maji yanapoa."

Huyu Bi Rukia mtamsikia sana humu. Alikuwa mtu wa visiwa vya kaskazini, kaolewa Malindi, mwenye ulimi usiokaa na mkono usiotetemeka. Watu wa namna hiyo ndio wavuta uzi wazuri. Mwenye ulimi uliotulia mara nyingi fikira zake zimekwenda mbali, na fikira zikienda uzi hukatika.

Kazi mnaijua, lakini sisi tuliijua kwa mkono kabla ya vipimo kuja. Kifukofuko huloweshwa katika maji moto hadi gundi yake ilegee, kisha husuguliwa kwa ufagio mdogo hadi ncha ya uzi ijitokeze. Nyuzi za vifukofuko kadhaa huunganishwa, zikapita tundu moja, zikaenda kwenye gurudumu. Maji yakiwa baridi uzi hautoki, yakizidi moto unatoka kama kamasi. Bi Suno alikuwa akitia kiganja majini na kukitoa, hasemi kitu, kisha anaongeza kuni au anazipunguza. Nilipomuuliza kipimo chake alifikiri kidogo, maana Kiswahili kilikuwa bado kichanga kwake, akasema, "Maji yaume, yasile." Mpaka leo sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo, na kuna mhandisi aliwahi kutufanyia semina ya siku nzima.

Ufagio wake wa kusugulia alikuja nao kutoka kwao, wa mizizi ya mpunga, na chumvi ya pwani ikautafuna. Tajiri aliagiza mwingine, na hadi nastaafu haujafika. Asubuhi moja Bi Rukia akaja na chelewa za makuti alizozichambua nyumbani, kazikata fupi, kazifunga kwa uzi wa nyavu. Bi Suno akaujaribu kwenye kifukofuko kimoja, kisha cha pili. Kila ncha ikaja. Akaugeuza ule ufagio mkononi, akamwinamia Bi Rukia, na Bi Rukia naye akainama. Huo ndio ufagio mnaoutumia sasa, kwa hiyo msiuite wa kienyeji kana kwamba mnauombea radhi.

Lililonitoa jasho zaidi lilikuwa pacha. Hutokea viwavi wawili wakajenga nyumba moja, kila mmoja akasokota uzi wake juu ya wa mwenziwe. Ukivuta, unavuta ugomvi. Wengine walivitupa vifukofuko hivyo pembeni, nami nilikuwa nikitaka kuonyesha ubingwa, nikawa navuta na kukata, navuta na kukata, huku natukana kwa Kigiriama nikidhani hakuna anayesikia. Bi Suno akaja akalisimamisha gurudumu langu kwa kidole. Akakiacha kifukofuko kielee. Tukakitazama tu, mimi na yeye, hadi kikageuka chenyewe majini, na ncha ya yule wa juu ikaonekana. "Usimlazimishe," akasema. "Subiri ajitambulishe." Tuliuvuta wa juu hadi mwisho, kisha wa chini. Ilituchukua muda wa kuvuta vifukofuko kumi vya kawaida, na tajiri hakufurahi. Mimi nilifurahi.

Sasa, uzi ukiisha, ndani hubaki yule mdudu mwenyewe, aliyeacha kuwa kiwavi na hajawahi kuwa nondo. Wa rangi ya kahawia, mwenye makunyanzi, mkubwa kupita maharage kidogo. Tuliwaita kokwa, kwa kuwa ndilo linalobaki ukimaliza tunda. Jirani mmoja alikuwa akija na ndoo kuchukua kokwa za kuku wake. Siku moja Bi Suno akaitangulia ndoo. Akachota kokwa za moto kwenye bakuli, akazisuuza, akatia chumvi, akapuliza, akala. Akafumba macho akitafuna. Magurudumu yote yakasimama.

Dama, mpishi wetu, akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani mwalimu ameugua. Dama alikuwa binti wa pwani ya Kuruwitu, alianza kukaanga samaki wa kuuza akiwa bado shuleni, na hakuna kilichowahi kumtisha ndani ya sufuria. "Bi Suno," akasema taratibu, "chakula kiko tayari. Leo kuna wali na mchuzi wa kunde."

"Nitakula," Bi Suno akajibu. "Hii ni bondegi. Karibuni."

Mnajua pwani mtu akisema karibu. Hatukuweza kukataa wazi, na hatukuweza kukubali. Kila mtu akaipata kazi ya kufanya mbali na lile bakuli.

Baadaye ndipo alipotueleza. Katika mji wao kulikuwa na viwanda vya hariri, na zamani, wakati wa dhiki, kokwa ndizo zilizokuwa nyama ya maskini. Mamake alikuwa akizichemsha katika sufuria pana, akazisukuma kwa mkokoteni hadi lango la shule, akaziuza zikitoka moshi, ndani ya koni za karatasi, na kijiti cha kuchomea. Watoto waliotoka darasani na baridi walizishika kwanza kupasha mikono joto. Dhiki ikapita, lakini watu hawakuziacha. Mtu mzima mwenye gari lake alisimama pale akala, kama vile mtu wa hapa anavyotoka Nairobi na begi lake akasimama kwanza kula achari ya embe. Mama yule alilea watoto wanne kwa sufuria moja. "Mimi nimesomeshwa na hizi," Bi Suno akasema, akilionyesha bakuli, na hakusema kwa aibu wala kwa kutafuta huruma. Alisema kama mtu anayetaja ukoo wake.

Nilimheshimu sana kwa hilo. Lakini kula sikula. Nami ni mtu niliyelelewa kwa kumbikumbi. Mvua za kwanza zikipiga Junju tulikuwa tukiwakusanya, mama akawakaanga bila mafuta, wakajitoa mafuta wenyewe, tukala kwa viganja. Nilipomweleza Bi Suno akaniuliza, sasa wewe una nini na bondegi yangu? Nikamwambia kumbikumbi ana mabawa, amesafiri, tunajuana naye. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyesema mbili na mbili ni samaki. Bi Rukia alikuwa mnyoofu kuliko mimi. Alikwenda kumuuliza sheikh wake, akarudi na jibu. "Nzige tumeruhusiwa, hawa niwaache. Lakini wewe ule mwenzangu, na mimi nitakaa nawe." Na akakaa naye. Miaka yote ile, Bi Suno akila kokwa zake mchana, Bi Rukia alikuwa upande wa pili wa meza na mkate wake wa kumimina. Sisi wengine tuliokuwa na ruhusa ya kula ndio tuliokaa mbali.

Miaka ikaenda. Ukaja mwaka wa majani yaliyolowa, mvua haikati, viwavi wakaugua na vifukofuko vikawa vyepesi hata ukivipuliza vinaruka. Tajiri akataka kufunga. Bi Suno akawa anavichambua kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akipata vitatu vizuri katika sinia, na kwa hivyo vitatu tukafika msimu uliofuata. Zikaja simu za kuonana uso. Na hapo ndipo tulipomjua mama yake Bi Suno.

Alikuwa akipiga adhuhuri, kwao tayari ni jioni. Bi Suno alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha tangi, na tulimwona mama kwenye kioo, kikongwe mwenye uso mdogo na sauti ya kupita ukuta. Kila mara aliuliza neno lile lile kabla ya salamu kwisha, na kila mara Bi Suno alijibu haraka huku ametupa mgongo. Siku moja nikamuuliza ni nini mama anachouliza. Akaviringa uzi kidoleni.

"Anauliza kama mnakula vizuri," akasema. "Bondegi. Nilimwambia mnaipenda. Mwezi wa kwanza nilimwambia. Alikuwa na wasiwasi kwamba nimekwenda mahali pa mbali, hakuna atakayekula nami. Nikasema, mama, wanapanga foleni."

"Foleni?"

"Foleni, Kazungu. Barabarani Malindi. Mpaka majirani zake wanajua."

Sikucheka. Nilitaka kucheka, nikamwona uso, nikaacha.

Kisha yakaja ya mwaka ule wa mwisho kabla yeye mwenyewe hajarudi kwao. Mama akaanguka, akawa mtu wa kitandani. Lango la shule lilishapata muuzaji wa vitu vingine. Kakake Bi Suno akapiga simu na kusema madaktari hawampi matumaini, na kwamba mama ana ombi moja tu. Anataka kuiona ile sufuria ya Malindi. Anataka kuwaona watu wa pwani wakila. Bi Suno alitueleza haya akiwa amesimama katikati ya nyumba, magurudumu yamesimama, mikono imening'inia tu. Hatukuwahi kumwona mikono yake haina kazi. Alitaka uongo wake uwe kweli kabla mamake hajafumba macho, na hakujua pa kuanzia.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikasema, tutakusanyika sisi wafanyakazi, kila mtu na koni yake, tutafune mbele ya simu, kwisha. Bi Suno akatikisa kichwa. "Mamangu ameuza maisha yake yote," akasema. "Mnunuzi wa uongo atamjua kwa anavyotafuna. Nimeshamdanganya kwa maneno. Kwa macho sitamdanganya."

Kwa hiyo ilibidi tuuze kweli. Wapi, na kwa nani, hakuna aliyejua. Aliyelifungua fundo ni Bi Rukia, ambaye hakuwa na ruhusa ya kula hata moja. Dadake alikuwa akiuza kachiri za muhogo karibu na soko la zamani, mahali watu hupita alasiri wakitafuta cha kutafuna. "Nitamwomba atupishe ubavuni," akasema. "Jiko lenu liwe lenu, sufuria yenu yenu, mwiko usiguse mafuta yake. Mimi sili, lakini kuuza si kula. Na mama ni mama." Dama akasema atapika. Hajawahi kuonja, lakini alisema samaki wengine pia alikuwa akiwauza bila kuwaonja, na mteja hakuuliza.

Nami nikala. Siwezi kumwita mtu wa barabarani kwenye kitu nilichokikimbia. Bi Suno alizitoa kwenye beseni la kwanza la asubuhi, lenye maji safi, zikiwa bado za moto, akasema zikilala tu zimekufa ladha, na ndizo hizo mnazozitenga hadi leo. Akanipa moja kwenye kijiti. Ganda lilipasuka kidogo, ndani laini. Ni karanga za kuchemsha, zilizohifadhiwa chumba kimoja na dagaa. Nikaomba ya pili kwa kuwa ya kwanza niliitafuna kwa hofu nikakosa kuielewa. Ya tatu niliila kwa sababu niliitaka. Nilijisikia mjinga kwa miaka yote niliyoziacha ziende kwa kuku.

Siku ikafika. Tukasukuma jiko la makaa hadi kwa dada wa Bi Rukia, ambaye alitupisha ubavuni akatutazama kwa jicho la mtu aliyeahidi kabla hajaelezwa vizuri. Sufuria ikabandikwa jikoni, kokwa zikaanza kuchemka kwa chumvi na tangawizi, kama mama alivyokuwa akizichemsha. Watu wakapita. Walichungulia, wakauliza, wakaambiwa, wakapita. Kijana wa bodaboda alisema atakuja na rafiki yake, hilo likiwa jina la adabu la kutorudi. Simu ya Bi Suno ilikuwa na chaji ndogo, nami nikamsindikiza kutafuta pa kuichajia, maana mama alitarajiwa baada ya alasiri. Tulimwacha Dama na sufuria.

Nadhani mmeshajua lililotokea, kama ninyi ni watu wa pwani. Kuna mtu wa hapa ataachiwa sufuria inayochemka kwa chumvi tupu, asubiri, aitazame, na moyo wake utulie? Kwetu kitu kilichochemshwa bila nazi ni chakula cha mgonjwa. Dama alivumilia kadiri alivyoweza. Kisha akamtuma mtu sokoni, akakuna, akakamua, akatia. Tuliporudi, sufuria ilikuwa nyeupe.

Bi Suno alisimama mbele yake kwa muda ambao sikuupenda.

"Dama," akasema kwa sauti ndogo. "Hii siyo."

"Zilikuwa kavu, Bi Suno. Zilikuwa na huzuni." Dama hakuelewa bado. "Nimezitilia na ndimu na pilipili kidogo. Onja."

"Ni ya mamangu. Siyo ya kuongezea." Machozi yalikuwa yamemfika lakini hayakushuka. "Ataona. Simu ikiwaka tu ataona."

Dama akauweka mwiko chini. Ndipo alipoelewa, na uso ukamwanguka kabisa. Kokwa nyingine hatukuwa nazo, zile ndizo zilizokuwa zote za siku ile. Akasema, "Nisamehe, dada yangu. Niliona nazisaidia." Bi Suno alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mapajani, na sisi tukasimama kama watu waliovunja kitu cha mwenyewe.

Kumbe harufu ya tui lililokolea haingojei mtu amalize huzuni yake. Mama mmoja wa bara, aliyekuwa ameleta magunia ya mkaa na sasa anarudi kwao, alisimama. "Mnapika nini?" Bi Rukia akajibu kabla yetu, maana huyo hakosi. "Wadudu wa hariri, mama. Mimi dini yangu hainiruhusu, kwa hiyo sifa zangu si za kukuhadaa. Onja uwaulize hawa." Yule mama akapewa kijiti. Akatafuna kwa utulivu, akitazama mbali kama mtu anayekumbuka jina. "Hawa ni ndugu wa kumbikumbi," akasema, "ila hawa wamepata malezi." Akanunua koni. Akamaliza, akanunua nyingine ya kupeleka nyumbani. Dereva wa tuktuk aliyekuwa akimngoja akaona haya kungoja bure, naye akaonja, akanyoosha mkono tena. Wanafunzi wawili wakaja kwa kusukumana, kila mmoja akimthubutisha mwenziwe, na walipomaliza kusukumana walikuwa wameshakula. Dama hakuwa na nafasi ya kuhuzunika tena. Alichota, akakunja koni, akachota. Biashara haigombi, na ile alasiri haikugombana na mtu yeyote. Hata dada wa Bi Rukia alianza kuwaambia wateja wake wa kachiri, "Na hapo pembeni kuna mambo mapya, mimi sijui, kaulizeni."

Simu ikalia.

Bi Suno aliinuka. Nilimwona akijipangusa uso kwa leso na kuvuta pumzi. Kwenye kioo kulikuwa na mto mweupe na ule uso mdogo, umekuwa mdogo zaidi, na mkono wa kaka ukishikilia simu. Bi Suno akaigeuza. Mama akaiona barabara, akamwona dereva wa tuktuk akitafuna huku akibishana na mtu kuhusu mpira, akamwona yule mama wa bara amepakata kikapu na koni, akawaona wanafunzi wakijilamba vidole. Hakuna hata mmoja wao aliyeitazama simu. Walikuwa wakila. Macho ya kikongwe yakawa yakienda kutoka kinywa hadi kinywa, kama mtu wa kazi anavyokagua kazi.

Kisha akaiona sufuria. Akasema jambo fupi.

"Anauliza kwa nini ni nyeupe," Bi Suno akatuambia, bila kugeuka.

Angeweza kusema ni mwanga. Angeweza kusema ni povu, au simu mbaya, na kikongwe mgonjwa angekubali. Sisi sote tulingoja aseme hivyo. Bi Suno akalisogeza kasha la karatasi, akaketi pale chini mbele ya jiko, akaishika simu kwa mikono miwili, akaanza kuzungumza. Kikorea sikijui, lakini niliyajua aliyokuwa akiyasema, kwa kuwa nilimsikia akilitaja jina langu, na la Rukia, na la Dama, na kila jina likafuatwa na kuinamisha kichwa. Alikuwa akimwambia kwamba miaka yote hii hatukula. Kwamba hapakuwa na foleni. Kwamba leo ndiyo siku ya kwanza, na hata leo sufuria si yake mama, imetiwa nazi. Alizungumza muda mrefu, na machozi sasa yalikuwa yakishuka bila kizuizi, na sisi tukayaacha yashuke.

Kaka mwenye kushika simu akasema kitu, mama akamnyamazisha kwa kidole. Akasema maneno machache, na Bi Suno akaisogeza simu juu ya sufuria, karibu hata mvuke ukakiziba kioo, akakipangusa. Akasema mengine, na Bi Suno akamgeuzia simu Dama. Kikongwe akamtazama Dama kutoka kilemba hadi mikono. Akaitazama ile mikono hasa, inavyokunja koni bila kuangalia. Dama akajua anatazamwa, akaacha kukunja, akasimama wima kama bibi harusi mbele ya mkwe.

Ndipo mama akauliza. Bi Suno akatugeukia kututafsiria.

"Anasema," akatuambia, "anataka kumuuliza mwenzake. Sufuria kama hiyo, nazi ngapi?"

Dama akajipangusa mikono kwenye leso. Akasogea karibu na simu na kusema kwa sauti kubwa, kama vile Korea iko ng'ambo ya barabara, "Mbili, mama. Na tui zito hutiwa mwisho. Likiwahi, linakatika."

Bi Suno akatafsiri. Kule kitandani mkono mwembamba ukatoka chini ya shuka, ukainua vidole viwili, kuhakikisha. Dama naye akainua vyake viwili. Wakabaki hivyo wakitazamana, wauzaji wawili, na wateja wakangoja.